Hodi Kwenye Kunde

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Kimara tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kwa nini napiga hodi hata kwenye shamba lisilo na mtu. Enzi za Mwingereza hapa palikuwa pori. Kaka yangu Salumu na mie tulipanda kunde kwa siri katikati ya vichaka, ziwavute paa, yeye awapige kwa mshale.

Asubuhi moja tumejificha, kunde zikatikisika. Mgongo wa hudhurungi ukatokeza, ukazama. Salumu akavuta upinde. Hapo nikasikia: tak, kimya, tak. Mie nilichuma majani ya kunde kila siku, na paa hali namna ile. Nikampiga kiwiko. Mshale ukachoma udongo.

Akainuka jirani yetu Mama Tatu, kaniki yake imepauka ikawa ya hudhurungi, majani yamemjaa mikononi. Hakuwa mwizi. Kwetu kuchuma majani, ukiacha maganda, ilikuwa ruksa shambani kwa yeyote. Tulilijua hilo tangu utotoni, uchu wa nyama ukatusahaulisha.

Mshale hakuuona. Tulipotoka kichakani akatuuliza, "Kunde hizi za nani, wanangu, nikamshukuru?"

"Zako, mama," Salumu akasema.

Basi mie hubisha hodi, Zuhura, kwa sababu sijui kama aliyejificha kichakani ana dada wa kumpiga kiwiko.

Bibi yako,
Mwajuma