Anwani ya Mtumaji

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Goti linasemaje, bado linagoma kila ukiona ngazi? Sisi huku wazima kabisa, na leo nina habari ya kukupa mpaka mkono unakimbia kuliko kalamu.

Mjukuu wako Maswali anaongea. Ndiyo, Baba, umesoma vizuri. Juzi alikuwa nami kazini, amekaa juu ya furushi la mashuka, akaniuliza kwa nini soksi hupotea mojamoja na siyo mbilimbili. Miezi saba hajatoa neno tangu tulipomtoroka baba yake, halafu la kwanza ni soksi! Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni nikalia mbele ya wenzangu wote. Tangu siku hiyo hakuna kupumua, na kwa kuwa jino la mbele limeng'oka, kila swali linatoka na upepo. Ameanza shule. Mwalimu anasema anakaa karibu na dirisha na hanyamazi.

Nimekutumia kifurushi. Kina miwani mpya, maana ulisema ile ya zamani unaifunga kwa uzi, na sweta, na picha aliyokuchora mjukuu wako. Usinune kuhusu masikio aliyokuchorea. Boksi nimelifunga kwa utepe wa kijani, ule tunaofungia mashuka hapa kwenye dobi, kwa hiyo ukiuona tu utajua ni letu. Mbele nimeandika jina lako, nyuma nimeandika anwani yangu yote, mtaa, nyumba na chumba, kama ulivyotufundisha tangu utoto.

Barua hii ichome kama zile nyingine.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti ndilo limenuna. Habari ya soksi nimeisoma mara nne. Mara ya tano nilikuwa naikariri tu, maana karatasi nilishaichoma.

Sasa nikugombeze kidogo. Anwani yote, nyuma ya boksi? Wewe? Lakini nitakulaumu vipi, ni mimi niliyekuharibu. Miaka thelathini na moja nilipanga barua za watu kwenye visanduku vya posta, na nyumbani niliwaimbia wimbo huohuo mmoja: mzigo bila anwani ya mtumaji ni mzigo yatima. Mkono wako umeandika wenyewe. Ila tulikubaliana, mwanangu. Barua zako hazisemi ulipo, zangu zinapitia kwa msimamizi wako wa dobi, na mimi mwenyewe sijui unalala chumba gani. Simu niliitupa tangu mumeo alipoichukua hapa mezani kwangu akatoa namba yako. Mtu ambaye kazi yake ni kufungua kufuli hazuiwi na mlango. Ulibadilisha kitasa mara tatu, na mara zote tatu ulirudi ukamkuta ndani, amekaa, anakunywa chai yako. Anachokosa ni kujua ulipo tu.

Na kifurushi hakijanifikia.

Nimekwenda ofisini kwa hao wanaosambaza mizigo kuuliza. Nikaomba daftari la kukabidhi mizigo, wakanipa kwa heshima ya uzee. Limeandikwa kuwa kilikabidhiwa tarehe tisa, jengo letu, ghorofa yetu. Siku hiyo asubuhi nilikuwa kwa kinyozi. Mahali pa sahihi pana alama ya dole gumba. Kwenye ujia wetu anayesaini kwa dole ni mmoja tu, jirani wa mlango wa pili, yule tuliyekosana naye miaka miwili kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Unamkumbuka, Mama Pazia, hupiti ujia huu bila pazia lake kutikisika.

Nikabisha hodi. Akafungua mlango kiasi cha pua yake. "Kifurushi?" akasema. "Sijaona kifurushi mimi, mzee." Lakini nyuma yake, chini ya cherehani, kulikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa, na kona moja imechomoza. Utepe wa kijani, mwanangu. Na mezani palikuwa na vikombe viwili.

Nitakipata. Usihangaike.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi siwezi kusema ni mzima. Naogopa, Baba.

Unasema Mama Pazia anasaini kwa dole. Basi hajui kusoma, na hiyo ndiyo inayonitisha. Mtu asiyejua kusoma akipata boksi lenye maandishi humtafuta wa kumsomea. Zamani alikuwa anakuja kwako na barua zake. Tangu mkosane, anampelekea nani? Niambie ukweli hata kama ni mbaya.

Leo kazini mtu alidondosha funguo na mimi nikajikuta nimejibanza nyuma ya mashine ya kukamulia. Msimamizi akaniuliza kama naumwa. Nikirudi nyumbani nasukuma meza mlangoni, juu yake naweka sufuria, ili mlango ukisogea nisikie. Maswali ananiuliza kwa nini sufuria inalala mezani. Namwambia tunacheza. Ananiangalia, haulizi tena, na kule kutouliza ndiko kunakoniua.

Nihame? Nimekaa na swali hili siku nzima. Nikimng'oa tena pale dirishani pake, sijui kama atarudi kusema. Baba, sitaki kumpoteza mara ya pili. Kwa hiyo nitakaa mpaka uniambie boksi limefunguliwa au la, na nani ameliona.

Ila nakuomba kwa magoti yangu mawili: usigombe. Najua hasira zako, huwa zinatangulia mlangoni wewe ukiwa bado unatafuta viatu. Nenda mpole. Mwombe msamaha wa kamba ya nguo, hata kama kosa ni lake. Na usinitaje pale ujiani.

Binti yako

28 Machi

Mwanangu,

Sina salamu leo. Ukisoma hii, uwe umeshaondoka hapo. Kama msimamizi hajakupa ujumbe wangu wa simu, kunja karatasi uondoke sasa hivi, mengine utayasoma njiani.

Nimeharibu. Ni mimi, siyo mwingine.

Ulichouliza kina jibu: anayemsomea Mama Pazia barua siku hizi ni mumeo. Mwaka jana alimbadilishia kitasa, tangu hapo anaingia kwake anavyotaka, anajifanya mwana wa nyumba. Nilipojua hivyo sikutoka ndani siku mbili. Siku ya tatu nikafanya ulivyosema. Nilikwenda mpole. Nikamwambia jirani yangu, kamba ile tuiache, ni kosa langu. Akanijibu chinichini, "Mzee, rudi kesho." Nikarudi kesho yake. "Rudi kesho." Leo asubuhi nikabisha, akatoa jicho moja, akatikisa kichwa, akataka kufunga.

Hapo hasira zikanishinda. Nikausukuma mlango kwa bega nikapiga kelele, na ujia wote ukasikia: "Nipe kifurushi cha binti yangu! Kina anwani yake nyuma! Unamwekea nani?"

Alikuwa ndani. Mumeo. Amekaa mezani, kikombe mkononi.

Akaweka kikombe chini, akainama chini ya cherehani, akaondoa kitambaa, akalitoa boksi letu. Akaligeuza. Akasoma nyuma taratibu, kama mtu anayesoma dawa kabla ya kunywa. Kisha akaniletea kwa mikono miwili. "Shikamoo, Baba," akasema. "Mzigo wako huu." Akachukua begi lake la vifaa akashuka ngazi.

Mama Pazia alikaa sakafuni. Aliniambia yote akiwa palepale. Siku mzigo ulipoletwa aliupokea ili anitunzie, nia yake ilikuwa kunipa, akasema labda tutapatana. Muda mfupi baadaye akachungulia pazia, akamwona mumeo anatoka chumbani kwangu, anafunga mlango wangu kwa ufunguo wake. Kwangu, mwanangu! Sijui ameingia mara ngapi. Akajua chochote kikiingia kwangu kitaonwa, basi akakificha kwake. Kusoma hajui, asingeweza kujua mstari upi ni wa kukata. Kila nilipobisha, yule mtu alikuwa ndani anasikiliza. Mama Pazia alikuwa anangoja siku moja tu ambayo huyo hayupo.

Mimi nikasema ni mwizi.

Nimekimbia dukani na goti langu, nikapiga simu ya dobi. Msimamizi amesema uko kwenye mashine. Nimemwambia akwambie maneno haya: baba yako anasema toka leo. Safari kutoka hapa ni ya siku moja. Naandika kwenye kaunta ya duka. Nenda, mwanangu. Nenda.

Baba

8 Aprili

Mwanangu,

Natumai mko wazima. Sijui niseme nini kingine baada ya hapo.

Siku kumi na moja sijapata neno. Kibanda cha mumeo cha kuchongea funguo kimefungwa tangu siku ile. Kila asubuhi nakwenda kuangalia kama kimefunguliwa, na kila nikikikuta kimefungwa najua bado anakutafuta. Dobi nimepiga simu mara sita, inaita tu. Jana ilipokelewa, mtu akakata niliposema mimi ni nani.

Mama Pazia ananiletea uji, tunakaa nao unapoa. Ameniuliza kama ningependa tuhesabu siku pamoja. Nimekataa kuhesabu.

Hata karatasi tupu itanitosha. Tuma bahasha tupu.

Baba yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Tuko hai. Naandika hilo kwanza ulione kabla ya yote.

Msimamizi alikuja mbio na mikono yenye povu, akaniambia maneno yako kama yalivyo. Nikatoka na aproni ya kazi. Nilimtoa Maswali darasani katikati ya hesabu, tukapanda basi la kwanza lililokuwa linaondoka, sikuuliza linakwenda wapi. Hatukurudi chumbani hata kuchukua mswaki.

Nimempigia msimamizi mara moja tu, kwa simu ya mtu nisiyemjua, akanisomea barua zako mbili. Mumeo, unamwita. Mimi sitamwita hivyo tena. Alifika kesho yake baada ya sisi kuondoka. Alimwambia mwenye nyumba ameitwa kutengeneza kitasa, akaruhusiwa kupanda. Mlango ulifunguka bila mkwaruzo, na meza haikuwepo mlangoni kwa sababu sisi hatukuwepo. Alikaa kitandani mpaka alasiri. Akachemsha chai. Akaosha kikombe, akakifunika vizuri. Halafu akamwuliza mwenye nyumba ninapofanya kazi, akaenda dobi akasimama nje siku tatu, ndiyo maana waliogopa simu.

Baba, usijipige sana. Anwani niliiandika mimi, mkono wangu huu. Tulikosea wote wawili, lakini aliyetuwinda ni yeye.

Maswali alinyamaza tena siku tisa. Siku ya kumi akaniuliza, "Babu anajua tuko wapi?" Nikamwambia hapana. Akafikiri, akasema, "Basi vizuri." Hajasema kingine.

Natamani nikuandikie ni wapi. Nimeshika kalamu hapa kwa muda mrefu. Niambie nifanye nini. Nitampigia msimamizi tena mwezi ujao, anisomee jibu lako.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Nilipoona mwandiko wako nilimgongea Mama Pazia ukutani, tukalia pamoja, wazee wazima. Mimi mzima. Miwani imenikaa vizuri, na barua yako nimeisoma nayo bila kufumba jicho moja. Masikio kwenye picha ni makubwa kweli. Mwambie babu hajanuna.

Amerudi. Juzi nilitoka kununua sabuni, niliporudi nikamkuta amekaa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimeweka komeo jipya. Aliniuliza kwa upole uko wapi. Nilisimama na sabuni mkononi, nikamwambia sijui. Akanitazama sana, usoni, mikononi, machoni. Amenijua miaka mingi, anajua nikidanganya. Akaona ni kweli. Akainuka akaenda zake.

Kwa hiyo usiniambie. Siyo mwezi ujao, siyo Maswali akiolewa, siyo nikiugua. Hata kwa fumbo usiniambie. Na msimamizi wako usimpigie tena, maana leo ametishwa nje ya dobi, kesho ataulizwa ndani. Nimeona jinsi yule mtu anavyouliza. Nisichokijua hawezi kukitoa kwangu, na mimi nimekwishajua siwezi kuaminiwa kwa sababu ya hasira zangu.

Nakupenda, binti yangu. Sikuwahi kukuandikia hivyo, nilidhani miwani na sweta zinatosha kusema kwa pande zote mbili. Mpende mtoto. Muache aulize.

Barua hii naituma dobi, kwa kuwa sina kwingine pa kuituma, na nimeandika juu ya bahasha kuwa mwenyewe asipopatikana irudishwe. Ukisomewa kwa simu, iwe mara ya mwisho; ikikufikia mkononi, ujue yuko mtu anayejua ulipo, na uhame siku hiyohiyo. Miaka thelathini na moja nilihangaika barua za watu zifike. Hii naiombea irudi. Nitakaa hapa mlangoni nikiisubiri.

Baba yako