Kidoti Kilichohama

…basi Mama Salima, pale tulipoishia, gari la kukupeleka hospitali lilipofika, si nilikuwa namenya karanga huku nakuapia kwamba ule uzushi si wangu? Ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyepita mtaa wetu mzima wa Kanyenye nikisema mwanao anatazamia watu nyota. Nilimkuta na picha za nyota kwenye kompyuta, nikajua kashakuwa mnajimu. Mpaka wanawake wakaja na majina ya mama zao wapigiwe hesabu! Na wale waliotaka kumposa wakasita, ati hawaoi mganga.

Ukanambia, "Mdomo uliotoboa ndio utakaoshona." Ukafa, shoga yangu, na mimi sindano bado ninayo mkononi.

Ilipopita arobaini nikaenda kwa Salima. "Nionyeshe, nijue nakwenda kukanusha nini." Kanionyesha picha nne za mahali pamoja angani, zimepigwa kwa kupishana dakika chache, zinapita moja moja. Nyota zote zimetulia. Kinachosogea, kasema, ni jiwe, linazunguka jua kama sisi. Wenzake wa mbali wanafuatilia njia za mawe hayo, lisije moja likatugonga hatuna habari.

Nikatazama. Nikamwambia, "Hicho kidoti pale kimehama." Salima hakuwa amekiona! Mama Salima, miaka yote unanisema kwa kuchungulia nani katoka nani kaingia, kumbe mwenzio nilikuwa nasomea! Kakipeleka kwa hao wenzake, bado wanakihakiki.

Basi nikamfuata mama wa mmoja wa wale waliosita kuposa, nikamkalisha mbele ya kompyuta na bakuli la karanga. Katazama, kakodoa macho. "Kumbe mtoto anatulinda? Nani alisema anapiga ramli?"

"Mimi, dada. Mdomo wangu huu."

Kacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Ijumaa wameleta posa.

Nimeshona, shoga. Usicheke mwandiko, ndilo darasa langu la nne hilo. Pumzika, Mungu akulaze pema. Nakuahidi, harusini nitakaa mimi kwenye kiti chako, na sitamsema mtu mpaka wali uishe kuliwa. Halafu ile khanga yako ya kijani, dada yako kaja kaichu…

Ngoja, Salima huyo anaita. "Mama mdogo! Njoo na macho yako, picha mpya zimefika!"

Nakwenda.