Ukuta wa Jiko la Mama

Jumamosi, baada ya mvua

Lakini kwa nini jiko ni kavu? Swali hilo limenikaa kichwani tangu asubuhi.

Leo nimebandua lipu ya saruji chumbani kwa mama, hapa Suguti, maana ukuta umeota ukungu na kikohozi chake hakiishi. Nyuma ya saruji, matofali mabichi aliyofyatua marehemu baba yalikuwa yamelowa, nayamega kwa kidole kama ugali. Lipu hiyo niliipiga mimi mwenyewe, fundi wa familia, nikitaka nyumba yetu ipendeze.

Jiko la uani alilijenga baba huyo huyo, kwa matofali yale yale, na mvua ni moja. Nimeligusa kila kona. Kavu.

Nikamwuliza mama. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hilo nilikuwaga nalikandika udongo kila mwaka kabla ya Krismasi. Maji yakiingia, yanapata pa kutokea. Nyumba kubwa ulinikataza, ukasema unaona aibu."

Nilisema hivyo kweli. Nakumbuka hata wageni waliokuwepo.

Miaka yote hii ya ufundi, na sijawahi kujiuliza ukuta unapumulia wapi. Na kule Nyakato ninakofanyia kazi, nyumba za zamani nilizozifunika saruji ni ngapi? Nitawaambiaje wenye nyumba…

Nimemwuliza udongo alikuwa anachimba wapi, na kwa nini anachanganya na mavi ya ng'ombe, na kiasi gani. Maswali kama mtoto.

Jumatatu fundi atakuwa mama. Mimi nitabeba udongo.