Tuta la Otilia

Rincón de Huilque, Chiloé
Tarehe 9 Septemba

Mpendwa dada yangu Otilia,

Pokea salamu zangu nyingi, na unisamehe kama karatasi inanuka moshi, maana naandikia kando ya jiko. Natumai zitakukuta u mzima, wewe na shemeji Belarmino, na kwamba upepo wa huko Punta Arenas umewaachia angalau paa la kulalia. Vipi mgongo wako? Wajukuu wamepona kikohozi? Mimi sijambo. Goti la kushoto hulalamika kila asubuhi, lakini nikishalifikisha bustanini linanyamaza lenyewe, kwa hiyo nimeacha kulisikiliza.

Mvua zimeanza kuchoka. Wiki hii tumepata siku tatu za jua mfululizo, na bustani ya Mama imeamka yote kwa mpigo. Mti wa plamu wa dirisha la jikoni umechanua hata kabla ya kutoa majani. Vitunguu saumu nilivyopanda Mei vimenipita vifundo vya miguu. Kila maji ya bahari yakitoka nashuka ufukweni na toroli kuzoa mwani, naupandisha na kuutandaza kwenye matuta, kama tulivyofundishwa. Nikilima, yule ndege zorzali wa kifua cha kijivu ananifuata nyuma hatua kwa hatua, anachomoa minyoo, na nikisimama kupumua ananitazama kama msimamizi anayelipa kwa siku. Juzi nimegeuza rundo la mwani wa zamani nikamkuta chura amelala chini yake, mnene, hana wasiwasi. Nikamfunika tena.

Koti la kazi la marehemu Baba lingali limening'inia kwenye banda la kuni. Ndani ya mfuko wake wa kulia kindege cha kahawia kimejenga kiota, kile ambacho Mama alikiita chercán, kidogo kuliko ngumi ya mtoto na kelele zake za mtu mzima. Basi koti silivai tena. Mvua ikinyesha najifunika gunia, na majirani wacheke wanavyotaka.

Lakini ninalotaka kukueleza zaidi ni habari ya treile. Unawakumbuka, wale ndege wa miguu mirefu wenye miba kwenye mabawa, waliokuwa wakimfukuza mbwa wa Baba. Jike limetaga katikati ya bustani, kwenye tuta la tatu, juu ya ardhi tupu. Mayai manne ya rangi ya tope, yamezungushiwa vijiti viwili vitatu, basi. Nilibakisha kidogo tu niyapige jembe. Tangu siku hiyo nalizunguka tuta hilo kwa mbali, nalo jike limeshanizoea. Akipita mgeni, huyo jike huinuka kimyakimya, anakwenda kukaa kwenye tuta lingine lisilo na kitu, anajikunja na kutanua manyoya kama anayeatamia, ili adui aende huko. Nimeutazama uongo huo kwa siku nyingi, dada, na nitakuambia kwa nini umenikaa rohoni.

Jumanne iliyopita kaka yetu Nibaldo alikuja na bwana mmoja wa kupima ardhi, amevaa kofia mpya na viatu visivyojua tope. Walileta vigingi na kamba. Hawakubisha hodi. Nibaldo alinieleza, huku anakunywa chai yangu ya majani ya mate, kwamba yule mnunuzi wa Santiago anataka kipande chote cha kutoka mlango wa jikoni hadi ufukweni, ajenge vibanda vya watalii, na kwamba nyumba nitaachiwa kwa wema wake. Nilimwuliza nyumba isiyo na bustani ni nini kama si sanduku la kungojea kufa. Akasema nisilete mashairi. Akanikumbusha wosia wa Mama, kwamba katika mambo ya ardhi wawili wakikubaliana wa tatu afuate, akasema yeye ni mmoja na wewe ni wa pili, na sahihi yako iko njiani.

Nikamwambia wewe huwezi kutia sahihi hiyo. Ndipo akacheka, akanipa maneno yako kama yalivyo, uliyomjibu kwenye simu, kwamba: "Uza tu, Nibaldo. Mimi kule sina changu. Mama hakuniachia hata kiazi kimoja." Nilitoka nikaenda kushika jembe.

Bwana mpimaji akaanza kupigilia vigingi. Alipofika tuta la tatu, dume la treile lilimshukia kutoka upande wa jua. Kofia mpya ikaenda kwenye matope ya mwani. Akainama kuiokota, jike likamjia kwa nyuma. Otilia, mtu mzima alipiga mayowe, akakimbia hadi kwenye gari na kukataa kushuka. Nilicheka mpaka nikashika uzio. Nibaldo alinifokea kwamba mimi ni bibi kizee ninayetawaliwa na ndege. Nikamwambia afadhali kutawaliwa na ndege anayejua kwao. Akaapa kwamba sahihi yako ikifika tu ataleta trekta, alaze kila kitu sawasawa, mayai na ukaidi wangu, halafu tuone nani mwenye mali. Nikamwambia alete hata matrekta mawili, atanikuta nimekaa tuta la tatu juu ya kigoda cha kukamulia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na mimi nilikuwa namtazama yeye nikisema hivyo.

Alipoondoka niling'oa vigingi vyote kumi na sita. Ni miti mizuri, mikavu, iliyonyooka. Nimeisimamisha kwenye njegere.

Karatasi yako ya kukubali kuuza ilifika Alhamisi. Bi Ermelinda, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, aliichukua posta mjini pamoja na barua zake, kwa kuwa uliituma kwa anwani ya nyumbani. Nilifungua bahasha nikakuta sahihi yako tu, bila hata neno la salamu. Nikakaa nayo mezani. Dirisha lilikuwa wazi, na wakati huohuo akaingia nyuki mkubwa, yule wa manyoya ya rangi ya machungwa, wa kwanza mwaka huu, mzito, anavuma kama cherehani. Siku hizi hawaonekani sana. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisema, kwamba huyo akiingia ndani ni mmoja wetu amekuja kuangalia tunaishije, tumwache azunguke na tusimfukuze. Alizunguka jiko, akazunguka kiti cha Mama, akatua juu ya karatasi yako. Sisemi ni nani. Nasema tu kwamba niliona aibu.

Nibaldo amepiga simu mara mbili kuuliza kama karatasi imefika. Mara zote mbili nimemwambia bado. Ndiyo, nimekaa kwenye tuta tupu kama treile, nikatanua manyoya. Kwa hilo sitatubu. Lakini kuna uongo mwingine, wa miaka sita, na huo ni lazima niutoe leo, la sivyo sina haki ya kumwita Nibaldo chochote.

Wewe unajua desturi yetu. Binti akiolewa, mama yake humjazia aproni viazi vya mbegu, akapande kwake. Wewe ulipanda meli alfajiri pamoja na Belarmino, una miaka kumi na tisa, bila kuaga, kwa sababu Mama alikuwa amemkataa. Ukaondoka mikono mitupu. Usilolijua ni kwamba majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata Mama alifungua tuta karibu na dirisha la jikoni, akapanda vile viazi vyeusi vya bibi, vyenye nyama ya zambarau. Hakuturuhusu kula hata kimoja. Akavuna, akahifadhi, akapanda tena. Miaka thelathini na miwili, Otilia. Tuliliita tuta la Otilia. Barua zako alizichomeka jikoni bila kuzijibu, kiburi chake unakijua, lakini tuta halikuota hata jani moja la magugu.

Na mimi nilikuwa nalipalilia. Mimi niliyebaki, niliyembeba, niliyemwosha. Mimi sikuolewa, kwa hiyo mimi sikupata aproni wala tuta. Nililichukia lile tuta, dada. Agosti ile, siku mbili kabla hajafa, Mama alinishika mkono akaniambia: "Mpelekee Otilia aproni yake. Mwambie ilikuwa inamngoja." Nikamwambia ndiyo, Mama. Halafu hukufika mazishini, na hasira ikanipanda, nikajisemea kwamba aliyeacha jiko ameacha na viazi. Nikakuandikia kwamba Mama amekwenda kimya, hakusema lolote. Tuta nikalifanya langu. Mwaka wa kwanza nilipika sufuria nzima ya viazi vile, nikala peke yangu mpaka nikaumwa, na havikuwa na ladha.

Kwa hiyo uliposema kwamba Mama hakukuachia hata kiazi, mwizi ni mimi. Ukitaka kunilaani, nilaani, nimestahili. Shingo siinamishi, kwa sababu nikiinamisha Nibaldo atapita juu yake na trekta.

Bi Ermelinda anakuja huko kumwona binti yake, na pamoja na barua hii anakuletea furushi. Ni ile aproni ya Mama ya buluu, yenye kiraka mfukoni. Ndani kuna viazi ishirini na vinne, macho yameshaanza kuchipua, nimevichagua kimoja kimoja. Chini kabisa utakuta karatasi yako. Sikuichana wala sikuichoma, maana tayari nimekunyang'anya jambo moja na silirudii. Fungua aproni kwanza, unuse. Ukiwa bado unataka kuuza, mtumie Nibaldo karatasi kwa mkono wako mwenyewe, ukijua sasa unauza nini.

Huku mwezi utaanza kupungua wiki ijayo, na ndipo tutapanda. Tuta la karibu na dirisha nimelilima, nimelitia mwani, nimeliacha wazi. Mwaka huu mimi silipandi. Litakungoja wewe, na kama huji, litaota majani na nitayaacha, Nibaldo aone, na watalii waone, na mimi nilione kila nikiosha vyombo.

Nisalimie shemeji Belarmino, umwambie Mama alikosea kwa habari yake na mimi nimechelewa kusema. Wabusu wajukuu wote. Bi Ermelinda anarudi Jumapili na atapenda kubeba jibu. Chumba chako nimekifungulia madirisha.

Ni mimi, mdogo wako mkaidi,
Elcira

Tena: viazi hivyo ni vya mbegu. Usithubutu kumwacha Belarmino avichemshe.