Nani Alimcheza Mama?

Jumapili, Shirere. Mvua imeanza saa nane kama kawaida yake na nguo nilizoanika asubuhi zimelowa tena. Leo sijali hata kidogo.

Wiki ya tatu sasa nafuatilia habari za Kikundi cha Trela. Ni wale waliokuwa wakiigiza kila Jumapili juu ya trela tupu ya miwa, huko Mumias, miaka ile sukari ilipokuwa imenoga na kila nyumba ilikuwa na mtu kiwandani au shambani. Walikuwa wakataji miwa, wake za wakulima, na karani mmoja wa mizani ya kupimia miwa. Mama yangu alikuwa mmoja wao.

Mama alifariki kabla sijafikisha miaka mitatu. Kukhu, nyanya yangu aliyenilea, alikuwa akilia kila nikimtaja, kwa hiyo niliacha kuuliza. Nina picha yake moja, amesimama wima kama anayepimwa urefu. Sijui alicheka vipi. Sijui alitembea vipi.

Acha niseme ukweli: huwa namwonea wivu kila mtu anayemkumbuka mama yake, hata kwa viboko.

Basi nikajifanya mwanahistoria, na daftari jipya na maswali yenye namba. Nani aliandika michezo? Mwenyekiti alikuwa nani? Mzee Wesonga, aliyekuwa dereva wa trekta iliyovuta ile trela, alinicheka. Hakuna aliyeandika chochote. Walikuwa wanakaa kwenye nyasi, kila mtu anatoa neno lake, mchezo unazaliwa. Na Mama? Alicheza karani wa mizani! Kila niliyemuuliza alinijibu hivyo hivyo, tena kwa kicheko.

Nilikasirika. Namtafuta Mama, napewa karani?

Leo nimeenda Mukumu kwa Mama Rael, mwanamke wa mwisho aliyebaki kwenye kile kikundi. Nimemkuta jikoni anasonga obusuma, ugali wetu. Sikungoja hata kukaribishwa kiti, nikamuuliza Mama alicheza nani.

"Karani," akasema. "Lakini umeuliza vibaya, mwanangu. Uliza nani alimcheza yeye."

Ndipo akanieleza sheria yao. Juu ya trela hakuna aliyejicheza mwenyewe. Kila mmoja alipewa mwenzake, akamfuata wiki nzima shambani, mtoni, kanisani, mpaka ajue anavyoshika jembe na anavyonuna. Karani alimcheza mkataji, mkataji akamcheza mke wa mkulima. Walianza hivyo kwa sababu ya ugomvi wa mizanini, kila mtu akidai karani amempunja kilo, ambao ulikuwa hauishi. Ukishamcheza mtu, anasema Mama Rael, unaona haya kumtukana.

"Na Mama?"

"Mimi hapa. Watu walikuwanga wanatuchanganya hata sokoni."

Akanawa mikono, akavua slipa, akasimama katikati ya jiko. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye goti bovu. Akaweka mkono mmoja kisogoni, akaenda mpaka mlangoni mbio mbio kama mtu aliyesahau kitu kwenye moto, akageuka ghafla. Akacheka mdomo umefungwa, kicheko kikatokea puani. "Wewe Rael, utanimaliza!" Sauti haikuwa yake.

Jamani, mimi ndivyo ninavyocheka! Wanafunzi wangu wa darasa la pili huniiga kicheko hicho kila siku, nami nilidhani ni ubovu wa pua yangu.

Nililia kwa sauti, mpaka obusuma ikaungua na hakuna aliyeijali.

Nilimwomba arudie, akarudia. Nikaomba tena. Mara ya tatu goti lilimshinda, akakaa, akashika mkono wangu. "Mimi nikienda, anaenda na mimi," akasema. "Kwa hiyo utamcheza wewe. Anza na kutembea."

Sasa niko nyumbani, miguu mitupu. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua sita. Nimejaribu mara saba na bado natembea kama mwalimu anayekagua foleni. Jumapili ijayo nitarudi Mukumu, na daftari nitaliacha hapa.

Kicheko ninacho tayari. Imebaki miguu.