Kidole Kimoja, Kura Mbili

Jumapili. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha matope mekundu mpaka kizingitini, na sasa jua limetoka kana kwamba halihusiki. Mwili mzima. Moyo haujatulia.

Daftari, kwa kawaida hapa naandika hali ya hewa, somo la kanisani, na kama chumvi imepatikana au haikupatikana. Leo naandika kosa langu, na nitaliandika kwa utaratibu, kwa sababu bila utaratibu nitajihurumia.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa mmoja wa wahesabu watatu wa kura katika mashindano ya waimbaji yanayoonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi jioni. Mtazamaji huandika kwenye kadi ya posta jina la mwimbaji anayempenda, hutia jina lake mwenyewe, kisha huituma. Mwenye kura chache hutoka. Sheria imebandikwa ukutani: kadi moja, kura moja. Waliniita mimi kwa sababu nilifundisha Kiswahili miaka mingi katika shule ya watoto wa polisi, na wazazi wote wanakumbuka kwamba sikumwongezea mtoto alama hata moja, awe mtoto wa konstebo au wa mkubwa wake.

Niliona fahari kuitwa. Na hilo naliandika.

Wiki hii walikuwa wamebaki watatu, na wawili wangeingia fainali. Wa kwanza alikuwa mbele sana, hakufikiwa. Nafasi ya pili iligombewa na koplo mmoja wa bendi ya kambini, na Akello.

Akello nilimfundisha akiwa na miaka tisa. Alikuwa mtoto wa kushika daftari kwa mikono miwili, kama sahani yenye mchuzi. Sasa ni mama wa Apio, anauza karanga na ufuta sokoni Owino. Mume wake ni polisi. Asubuhi moja mwaka jana aliitwa kazini, akatoka na sweta mkononi, na hajarudi. Iliyomwita ni ofisi gani, hakuna anayeuliza. Sote tumejifunza kutouliza. Sikuwahi kuonana naye; mkewe humwita Baba Apio, nami simjui kwa jina jingine.

Baada ya miezi michache familia iliondolewa kwenye nyumba za polisi. Akello, Apio na mama mkwe wakahamia mtaa wa Kasubi. Kwa hiyo Baba Apio akirudi leo, atagonga mlango wa watu wengine.

Hiyo ndiyo sababu iliyomwingiza Akello mashindanoni. Katika hatua za mwanzo waimbaji huchaguliwa nyimbo. Fainali mtu huruhusiwa kuimba wimbo wake mwenyewe. Wake ulikuwa tayari. Aliniletea nimsahihishie maneno, nikayasahihisha kwa wino mwekundu, kama zamani. Ubeti wa pili unasema: nyumba ni ya tatu baada ya kinu cha mahindi, mlango ni wa kijani, na taa yetu haizimwi mapema. Watu wengi wangesikia wimbo wa mapenzi. Mtu mmoja, kama yuko mahali penye televisheni, au karibu na mwenye kupiga mluzi wa nyimbo za Jumamosi, angesikia njia ya kwenda nyumbani.

Nilijua haya yote nilipokaa mezani siku ya Ijumaa.

Kadi za kambini zilikuja ndani ya gunia. Zote zilikuwa na mwandiko mmoja. Nikaweka kalamu chini, nikamtazama Sajini wa kambi hiyo, ambaye ni mhesabu mwenzangu.

"Mama Mwalimu, hapana kasirika," akasema. "Vijana hapana jua kuandika. Wao nasema jina, karani naandika. Moja-moja. Hakuna mchezo."

Nilichunguza. Kila kadi ilikuwa na jina lake, na sheria haisemi lolote juu ya mwandiko. Nikazihesabu zote. Niliridhika kwamba nimetenda sawa, na mpaka sasa naamini hivyo.

Kisha ikatoka kadi ya Kasubi.

Ilikuwa kadi moja iliyojaa pande zote mbili mpaka kwenye stempu. Juu waliandika: "Sisi tunatazama televisheni moja ya dukani. Kura yetu ni ya Akello." Chini yake majina, yakizidi kuwa madogo kadiri nafasi ilivyopungua. Wasiojua kuandika waliandikiwa, wakabonyeza dole gumba kando ya jina. Nikayahesabu: arobaini na moja. Pale uani kwao kuna televisheni moja tu, ya dukani, na mtaa mzima husimama dirishani. Mtangazaji hupenda kusema, "Nyinyi mlioko mbele ya kila televisheni, tuleteeni kura yenu." Wakaelewa kwamba kila televisheni ina kadi moja. Hawakutaka kuwapunja wenzao wa televisheni nyingine, wakajibana arobaini na mmoja kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja.

Msimamizi wetu, mhesabu wa tatu, kijana mpole wa Kiganda, aliisoma akashika kichwa.

"Bambi, maskini watu hawa! Nyabo, mama yangu, sasa tufanye namna gani?"

Nilitazamia Sajini amtetee koplo wake. Yeye akaivuta kadi, akaitazama mbele na nyuma.

"Hesabu yote, mama."

"Sheria ni kadi moja, kura moja."

"Sheria mimi naijua, mama. Mimi nalala nayo, naamka nayo. Lakini hii ni watu. Watu arobaini na moja, si mbuzi."

Nikachukua kioo changu cha kukuzia maandishi. Nikapita jina kwa jina, kidole kwa kidole. Kwenye mistari miwili ya mwisho nikakuta alama mbili zinazofanana. Zote zilikuwa na kovu lililonyooka, limekata katikati ya dole gumba kama neno lililofutwa kwa rula.

"Kidole kimoja kimepiga kura mbili," nikasema. "Kadi hii ina udanganyifu. Itahesabiwa moja, na washukuru haikutupwa."

Msimamizi akaandika moja.

Akello alishindwa kwa kura thelathini na tatu.

Sasa lile ambalo sikumwambia mtu mezani. Nilipoona neno Kasubi, moyo wangu uliruka kwa furaha, nami nikauonea aibu. Niliogopa Msimamizi na Sajini wameuona. Niliogopa kusikia mitaani kwamba Mwalimu mkali amembeba mwanafunzi wake. Basi nikatafuta kosa kwa kioo, na mtu akitafuta kosa kwa kioo hulipata. Gunia la mwandiko mmoja sikulipitishia kioo.

Nilimnyima mtoto wangu haki yake ili mimi nionekane mwenye haki.

Kadi zikishahesabiwa huchomwa asubuhi ya pili yake. Ile ya Kasubi sikuiacha ichomwe. Niliitia ndani ya Biblia nikaondoka nayo. Nilijiambia nitairudisha pale uani niwaonyeshe aibu yao, jinsi nilivyokuwa nikiwarudishia wazazi madaftari ya watoto walioibia mtihani. Lakini kulikuwa na sababu nyingine pia. Siku hizi watu hawaandiki majina yao ovyo. Mimi mwenyewe niliondoa kibao cha jina langu mlangoni mwaka juzi. Hawa waliandika majina kamili, kwa herufi za kusomeka, wakayapeleka posta. Nilihisi vibaya kuyaacha yalale ofisini hata usiku mmoja.

Jana jioni matokeo yakatangazwa. Akello alimpa koplo mkono, akatabasamu mpaka picha ilipokatika.

Leo baada ya ibada akaja hapa. Alivua viatu vyenye matope nje, akanisalimia kwa magoti kama desturi, akaniwekea mezani kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na sukari, labda vijiko sita. Sijui aliipata wapi, na si adabu kuuliza.

"Pole, mwanangu," nikasema.

"Asante, Mwalimu. Yule koplo anaimba vizuri, nisimwonee. Ila akicheza anafanana na mtu aliyekanyaga siafu."

Nilicheka. Sikustahili kucheka, lakini nilicheka.

Akachezea ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

"Nimetumwa na mama mkwe. Anauliza kama kadi ya uani ilifika."

"Ilifika."

"Anataka kujua kama kura zake zilihesabiwa. Zote mbili."

"Mbili?"

"Ndivyo alivyosema. Nami sikumwelewa. Ile kadi hawakunionyesha, walisema mgombea haruhusiwi kuiona."

Nikafungua Biblia nikampa. Hakuuliza imefikaje humo. Alipitisha kidole taratibu kwenye majina. "Huyu ni muuza mkaa. Huyu ni fundi cherehani. He! Na huyu? Huyu tuligombana naye juu ya kamba ya nguo wiki mbili hatusemezani!" Akacheka, akajifuta macho, akaendelea. Alipofika mistari miwili ya mwisho kidole kikasimama.

"Hiki ni kidole cha mama. Alijikata kwa mundu akivuna wimbi kwao, zamani." Kisha akasoma jina la mwisho, ambalo kando yake kovu lile lile lilirudi. "Yosefu Okello."

Jina hilo mimi sikulijua.

"Baba Apio," akasema. "Mwalimu, mama alimwekea dole Baba Apio."

Akaiweka kadi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Atakuwa alisema, huyu naye angempigia mkewe, ila hayupo tu," akasema Akello. "Ndivyo anavyosema kila kitu. Hata uji humwekea. Ila hayupo tu."

Nikamwambia yote. Sikupunguza neno. Nilimwambia juu ya gunia, juu ya Sajini aliyewatetea, juu ya kioo, juu ya tofauti ya kura. Nilimwambia kwamba aliyesema moja ni mimi. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza akiwa na miaka tisa, mgongo umenyooka.

"Mwalimu aliogopa nini?" akauliza mwishoni.

"Niliogopa kukupenda mbele za watu."

Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Alichukua kikombe changu cha chai, akatia vijiko viwili vya ile sukari, akakoroga, akanirudishia. Nina miezi nakunywa chai chungu nikiwaambia watu kwamba ndivyo ninavyoipenda. Nilikunywa yote.

"Nimwambie nini mama?"

"Usimwambie kitu. Kesho nitakuja mwenyewe."

Alipoondoka nilimwandikia Msimamizi barua. Nimeeleza kwamba watu wanaosaidiwa na karani wamehesabiwa kila mmoja, na watu walioshirikiana kadi moja wamehesabiwa kama mtu mmoja, na kwamba haki haiwezi kuwa na mizani miwili kwenye meza moja. Nimeonyesha kwamba hata tukiliacha jina la asiyekuwapo, majina yanabaki arobaini, na Akello anampita koplo kwa kura sita. Nimeomba Jumamosi ijayo waimbe wote watatu, koplo asinyang'anywe alichopewa kwa kosa langu. Nimejiuzulu kuhesabu.

Sijui kama atakubali. Itambidi awaulize wakubwa, na wakubwa wa siku hizi hawapendi kuambiwa kwamba wametangaza kosa. Huenda barua ikaishia jaani. Huenda mtu akauliza aliyeiandika ni nani na anakaa wapi.

Nilishika kalamu juu ya mahali pa sahihi kwa muda ambao sitauandika. Nilifikiria kuandika "Mhesabu wa Kura" tu. Kisha nikaitazama kadi ya Kasubi, nikatia jina langu lote: la ubatizo, la baba yangu na la marehemu mume wangu, kwa herufi za kusomeka.

Mhesabu haruhusiwi kupiga kura. Lakini mimi si mhesabu tena. Chini ya Yosefu Okello palikuwa na nafasi ndogo, upana wa punje ya mchele, nami mwandiko wangu ni mwembamba. Sasa majina ni arobaini na mawili. Nimeyahesabu mara mbili, na safari hii sikumwacha asiyekuwapo.

Kesho asubuhi naanza ofisini na barua, kisha Kasubi na kadi. Nyumba ya tatu baada ya kinu, mlango wa kijani. Sitahitaji kuuliza njia. Niliisahihisha kwa mkono wangu mwenyewe.