Pampu Sita, Kaya Arobaini na Tatu

Jumanne, 4 Julai 1967

Nimeuza pamba. Ratili 812 kwa senti 46 — shilingi 373/52. Otmar, karani wa chama cha ushirika, akaanza kukata. Ushuru 24/36. Dawa ya wadudu 38. Pampu ya dawa 120 — pampu gani? Sijaiona! Kodi ya kichwa ya marehemu mume wangu, 45. Nikamwambia tulimzika mwaka juzi. Akacheka: Mama Ansgar, daftari halijaletewa taarifa ya msiba.

Nimeondoka na 146/16. Mwaka mzima wa jembe.

Jumapili, 9 Julai

Baada ya misa nimekusanya risiti za watu. Kaya 43, zote zimekatwa pampu. Ghalani ziko sita, nne zinavuja. 43 mara 120 ni 5,160! Shemeji yangu Maganga kasema hatuuzi tena hata ratili moja mpaka tuelezwe. Wote wameafiki.

Alhamisi, 13 Julai

Otmar alikuja na askari wawili. Wakafungua zizi langu, wakatoa ng'ombe wawili, eti salio la pampu, na 120 alishazikata. Nilikuwa napepeta mtama. Sikufikiri — nikapiga yowe. Mwano wenyewe, ule wa wezi wa ng'ombe.

Hapa kwetu ukiusikia mwano unatema tonge, unatoka na silaha. Usipotoka, faini. Wakaja. Hata wa kijiji cha Samuye wakaja. Mia tatu, pengine zaidi. Wakakuta watu wanaswaga ng'ombe wa mjane. Nani angeuliza? Askari walikimbia. Otmar ana mguu mbovu.

Ghala la chama limeungua, na pamba yote.

Ijumaa, 14 Julai

Otmar yuko hospitali Kolandoto. Hasemi. Ng'ombe wamerudi.

Jumatatu, 17 Julai

Malori matatu ya polisi. Wamebeba wanaume 31, na Maganga — yeye alifika ghala likiwa majivu! Swali lao ni moja: nani alipiga yowe? Mzee mmoja akawajibu, mwano hauna mwenyewe, bwana mkubwa. Wakampiga kofi.

Nilikuwa hatua tano. Nikainamia ungo wangu.

Jumatano, 2 Agosti

Otmar amekufa.

Redio ya Padre: Serikali imeunda Tume, ichunguze vyama vya pamba nchi nzima. Eti taifa la miaka mitano haliwezi kuacha mkulima aibiwe, wala kuacha achome ghala. Kwa pumzi moja.

Jumatatu, 14 Agosti

Tume imefika shuleni. Wazee wamelia, tumeonewa, tumeonewa. Mwenyekiti akachoka: kilio nimekisikia, nani ana hesabu? Vichwa vyote vikanigeukia mimi. Jirani yangu Epifania akanivuta kanga: kaa, wewe! Mpe mwalimu hizo risiti.

Mwalimu hata kutoa asilimia hajui. Nikasimama nazo; nimeambiwa nije kesho.

Kila shahidi anaulizwa alikuwa wapi tarehe 13. Polisi amekaa pembeni, anaandika hilo tu.

Jumanne, 15 Agosti

Naandikia kwenye benchi, nje ya darasa. Wamemwingiza Maganga na pingu. Dirisha liko wazi. Nani alipiga yowe? Mimi, anasema. Mimi mwenyewe. — Mwongo, shemeji yangu! Ana watoto saba. Watamnyonga.

Baada yake ni mimi. Nisiposema, 5,160 zimepotea, na wajukuu nao watakatwa. Nimemuuliza askari wa mlangoni wanaanza na nini, hesabu au kiapo.

Kiapo, mama. Kiapo kwanza.